Siti: jina tunalolijua wote na kuwapa wachache

Taja jina Siti mbele ya mtu aliyelelewa na Kiswahili, naye atakumalizia: binti Saad. Hatafikiri mara mbili. Muulize sasa anawajua kina Siti wangapi wengine, awe shangazi, jirani au mwenzake wa darasani, utamwona anaanza kukuna kichwa. Kina Asha anao tele, kina Fatuma na Zainabu hawahesabiki, na akiwa mtu wa pwani atakuongezea Mwanaisha, Mwanahamisi na Mwanajuma bila kupumua. Siti atampata mmoja, pengine wawili, na mara nyingi mmoja wao ni bibi aliyekwisha kuzikwa.

Jambo hili halifuati kawaida, ndiyo maana limenishughulisha. Jina la mtu mashuhuri huigwa. Akitokea mchezaji anayependwa au kiongozi anayesifiwa, haipiti miaka mingi shule za msingi zikajaa watoto wa jina lake. Siti binti Saad alivuma kuliko mwimbaji yeyote wa Kiswahili wa zama zake, na baada ya miaka zaidi ya sabini ya kifo chake bado anatajwa kila taarabu inapozungumzwa. Jina lake halikutapakaa. Naamini sababu ni cheo kilichomo ndani ya jina lenyewe, pamoja na desturi za pwani za kuamua nani aitwe kwa heshima na nani asiitwe.

Asili ya neno ni Kiarabu. Waarabu husema sitt au sitti, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba limetokana na sayyidati, yaani bibi yangu mtukufu, likafupishwa na ndimi za watu wa mitaani mpaka zikabaki silabi mbili. Wanazuoni wa lugha hawakupendezwa. Firuzabadi, mtunzi wa kamusi maarufu ya al-Qamus aliyefariki mwaka 1415, alilikubali kwa shingo upande. Kwa maelezo yake, anayesema sitti ama anamwambia mwanamke kwamba amezitawala pande zake sita, kwa kuwa sitt kwa Kiarabu ni sita vilevile, ama anakosea tu, na lililo sahihi ni sayyidati. Fumbo hilo la pande sita lilikuwa na watu wake tangu zamani. Mshairi Bahauddin Zuhayr, aliyefariki Cairo mwaka 1258, alitunga beti za kuwajibu wanasarufi waliokuwa wakimtazama kwa jicho la chuki kwa sababu ya kumwita mpenzi wake sitti. Aliwaambia kwamba binti yule amekwisha kumshika mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, sasa kosa liko wapi? Hoja yake naipenda kuliko ya wenye kamusi.

Tena wenye kamusi walikuwa wamechelewa, maana wanawake wakubwa walishaitwa hivyo kitambo. Sitt al-Mulk, binti wa ukoo wa Wafatimi aliyezaliwa mwaka 970, ndiye aliyeshika hatamu za dola ya Misri baada ya ndugu yake al-Hakim kutoweka mwaka 1021, na hakuziachia mpaka alipofariki mwaka 1023. Damascus ilikuwa na Sitt al-Sham, dada yake Sultani Salahuddin, aliyejenga madrasa mjini humo. Karne moja baadaye mji huohuo ukawa na Sitt al-Wuzara, mwanazuoni wa hadithi ambaye wanaume walikwenda kukaa mbele yake wasomeshwe Sahihi Bukhari. Na karibu na zama zetu, Misri nzima ilimwita Umm Kulthum kwa neno hilo moja, al-Sitt, bila haja ya kutaja jina.

Katika mifano yote hiyo neno limekaa kama cheo. Limetangulia jina, au limeunganishwa na nchi, na dola, na mawaziri. Aliyeitwa sitt alikuwa na kitu nyuma yake.

Bahari ya Hindi ikalibeba hadi Malaysia na Indonesia, na huko likapata maisha mengine kabisa. Wamalay walianza kulitanguliza mbele ya majina ya wanawake watukufu wa dini. Wakimtaja Bibi Khadija, mke wa Mtume, husema Siti Khadijah, Bibi Aisha ni Siti Aisyah, na yule ambaye sisi humwita Nana Hawa, wao ni Siti Hawa. Hatua ya pili haikukawia. Mzazi anayetaka mtoto wake apate baraka za Aisha akamwandikisha Siti Aisyah moja kwa moja, na cheo kikaingia kwenye jina la kuzaliwa. Leo Siti ni miongoni mwa majina yaliyozoeleka kabisa katika nchi hizo. Kwa wingi wake Waindonesia wengi huliandika St. kwa ufupi, kisha hufuata jina ambalo mtu huitwa kwalo nyumbani. Mke wa Suharto, rais wa zamani wa Indonesia, alikuwa Siti Hartinah, mke wa Mahathir Mohamad, waziri mkuu wa zamani wa Malaysia, ni Siti Hasmah, na mwimbaji mkubwa kuliko wote wa Malaysia wa kizazi chake ni Siti Nurhaliza, aliyezaliwa mwaka 1979. (Java wanayo siti nyingine, yenye maana ya ardhi, iliyotoka Kisanskriti. Ndiyo iliyomo katika Sitihinggil, sehemu ya juu ya makasri ya masultani wa huko. Hiyo haihusiani na yetu, ingawa nimeona watu wakizichanganya.)

Neno lilelile, bahari ileile, dini ileile, na majahazi yakija pwani zote mbili. Kwa nini kule limejaa na huku likawa haba?

Kwa sababu nafasi yake huku ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe ni Mwana. Waswahili wa kale walikuwa na neno lao la kumtanguliza mwanamke anayeheshimiwa, wala hawakuwa na haja ya kuazima. Mapokeo ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi kuwa malkia wa kwanza wa mji. Kisiwa cha Pate kilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia utenzi binti yake Mwana Hashima, akimwachia maneno ya kuishi nayo. Wote hao ni Mwana, neno likisimama peke yake mbele ya jina kama taji. Halafu likafanya kilekile ambacho Siti ilifanya kwa Wamalay: likashikamana na jina na kushuka hadi kwa mtoto mchanga. Weka majina mawili bega kwa bega uone. Siti Aisyah wa Malaysia, Mwanaisha wa Mombasa. Siti Hawa wa Indonesia, Mwanahawa wa Unguja. Ni tendo moja lililofanywa mara mbili na watu wasioshauriana, wa mwambao huu kwa neno la Kibantu na wa mwambao ule kwa neno la Kiarabu. Sisi tukaendelea mbele zaidi, tukalipachika Mwana hata kwenye siku na sikukuu: Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanaidi.

Wapo watakaoniambia nitazame Komoro, na wana haki. Visiwani kule majina yote mawili yanaishi pamoja. Utamkuta Moinaecha, ambaye ni Mwanaisha yuleyule aliyeandikwa kwa herufi za Kifaransa, na mlango wa pili utamkuta Sitti, kwa t mbili. Kwa hiyo Mwana peke yake hakutosha kuifukuza Siti. Hata huku, wapo waliozifunga pamoja wakapata Mwanasiti, heshima juu ya heshima. Lakini Wakomoro hawakuwa na jambo moja tulilokuwa nalo sisi. Hawakuwa na Siti mmoja mkubwa kiasi cha kulifunika jina lote.

Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, na wazazi hao walikuwa watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Yeye aliingia duniani katikati ya tarehe hizo mbili, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa.

Jina hili tusilipite haraka, maana nalo ni jina la mwanamke lililo adimu, na bado lipo. Zanzibar na pwani wapo wanaolibeba hadi leo, na wengi wao watakwambia kwamba ni mtumwa wa Mungu, sawa na Abdi kwa mwanamume. Maelezo hayo nayaheshimu. Lakini mtoto wa kike wa wazazi watumwa, aliyezaliwa mashambani wakati sheria ilikuwa bado inatambua umiliki wa mtu juu ya mtu, akiitwa Mtumwa, aliyelisikia jina hilo hakuwa na haja ya kuuliza ni mtumwa wa nani. Lilisema hali yake kabla yeye hajafungua mdomo.

Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akiviuza, na sauti yake ilimtangulia njiani. Mwaka 1911 akahamia mjini. Akakutana na Ali Muhsin wa Ikhwani Safaa, chama cha muziki kilichoanzishwa mwaka 1905 na ambacho kilikuwa cha wanaume, naye akamfunza uimbaji. Taarabu wakati huo ilikuwa muziki wa wakubwa, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili. Alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, na sifa yake imeenea mjini, alipoanza kuitwa Siti.

Hapa ndipo ninapoona uzito wa jina hili. Mwana asingeweza kuwa. Mwana lilikuwa cheo cha waungwana, la mwanamke ambaye ukoo wake unajulikana na nyumba yake inaonekana. Hakuna mji wa Waswahili wa wakati ule ambao ungemwita Mwana binti aliyetoka shamba, mtoto wa Mnyamwezi na Mzigua waliokuwa watumwa. Siti lilikuwa neno la heshima la Kiarabu ambalo huku halikuwa na ukoo wa kulilinda. Lilikuja kutoka lugha ya wenye nguvu, lugha ya kasri na ya Kurani, likasema bibi, basi, bila kuuliza bibi wa nani. Mlango wa Mwana ulikuwa umefungwa kwa nasaba. Mlango wa Siti ulikuwa wazi, naye akapita.

Mji haukukaa kimya. Kikaundwa kijembe, kikaimbwa mitaani, na wapenzi wa taarabu wanakijua mpaka leo: Siti binti Saad amekuwa mtu lini? Si alikuja mjini na kaniki? Kama si sauti angekula nini? Tazama swali la kwanza linavyouma. Halimuulizi amekuwa mwimbaji lini, wala tajiri lini. Linamuuliza amekuwa mtu lini. Kwa watunzi wa kijembe, mtu asiye na nasaba kuitwa kwa cheo kulikuwa ni kujitwalia utu usio wake. Jibu lake nalo limehifadhiwa, kwamba uzuri wa sura na utukufu wa jadi si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Sikumbuki jibu jingine la taarabu lililoenda kwenye shina la ugomvi kwa maneno machache hivyo.

Mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Ifasiri kwa Kiswahili upate Sauti ya Bwana Wake. Sahani ya santuri ikazunguka majumbani ikiwa na jina la kampuni hiyo juu na jina Siti binti Saad chini yake, na kutoka kwenye pembe ya gramafoni ikatoka sauti ya mwanamke ambaye wazazi wake walikuwa na bwana kweli. Hadi mwaka 1931 santuri zilizouzwa zinakadiriwa kufika 72,000, katika eneo ambalo gramafoni moja ilisikilizwa na mtaa mzima. Jina Mtumwa halikuwahi kuchapishwa kwenye sahani. Siti ndilo lililopigwa chapa, likafika Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, na bara ambako hawakuwahi kumwona. Aliishi nalo hadi kifo chake Julai 1950, akiwa ameshazungumza na Shaaban Robert, aliyemwandikia wasifu.

Ukifikiri hivyo utaelewa kwa nini wazazi walisita. Lile halikuwa jina la kuzaliwa ambalo lilipata umaarufu, kama lingekuwa Zuhura au Maryamu. Lilikuwa cheo alichokwea, na mji mzima ulishuhudia akikikwea, wengine wakimvuta miguu. Kumpa mtoto mchanga kulionekana kama kumvika nguo ya harusi kabla hajajua kutembea. Ndivyo ninavyoelezea pia kwa nini jina lilitumika kwa wepesi zaidi pale lilipohitajika kuwa alama. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti, na kila msomaji alielewa ni sauti gani. Jarida unaweza kuliita Siti. Mtoto, watu wakaona haya.

Bi Kidude aliyemfuata, na aliyeimba nyimbo zake mpaka uzeeni, hali yake ni tofauti kidogo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Fatuma binti Baraka, na Kidude lilikuwa la utani. La utani halirithiwi, na hakuna anayeshangaa kwamba hakuachiwa kina Kidude wadogo. Siti si la utani. Lina maana ambayo mzazi yeyote angemtakia bintiye.

Lilikopona, limepona kwa njia ya kizee ya kuitana somo. Pwani mjukuu hupewa jina la bibi yake, na kuanzia siku hiyo nyumba nzima inamwita mtoto yule bibi au mama, kwa sababu aliyetangulia hawezi kutajwa hovyo. Jina linaruka kizazi kimoja na kutua. Ndivyo ilivyokuwa katika ukoo wake mwenyewe. Siti Muharam, kitukuu chake, ni mwimbaji wa taarabu, na mwaka 2020 alitoa albamu ya nyimbo za mzee wake iliyoitwa Siti of Unguja. Jina, kazi na nyimbo vimerudi mikononi mwa mtu mmoja. Hata hivyo somo hupita ndani ya ukoo tu. Familia isiyo na bibi Siti haina pa kulitoa, na kwa mwendo huo jina linabaki palepale miaka mia.

Siku hizi kuna kikwazo kingine, kidogo lakini cha kila siku. Siti ni kiti cha kwenye basi. Binti anajitambulisha kwa wenzake wa bara, wanamuuliza siti ya mbele au ya dirishani, wanacheka, na wiki ya pili anaanza kujiita Stella au kutumia jina la baba. Nimewasikia wazazi wakilitaja hilo kwa uzito. Mimi nalipa uzito mdogo. Tuna watoto wanaoitwa Tabu, Shida na Sikujua, na wamekua, wameolewa, wameongoza ofisi. Mzaha wa darasani huisha darasani, na binti anayejua jina lake limetoka wapi ana jibu ambalo mwenye kumtania hana.

Hoja ninayoichukulia kwa uzito ni ile ya wazee wanaosema Siti ni cheo, na cheo hakigawiwi bure. Wanaisema kwa mapenzi, wanamlinda yeye. Lakini tazama inatupeleka wapi. Yule mwanamke alishindana na mji uliosema kwamba heshima ni ya waliozaliwa nayo. Tukisema kwamba jina lake ni la kusubiri mpaka mtu alistahili, tunaurudisha ule mlango ulipokuwa, tofauti ni kwamba bawabu sasa ni sisi. Wamalay hawakungoja. Wakomoro hawakungoja. Sisi wenyewe kwa neno letu wenyewe hatukungoja, maana Mwana lilikuwa cheo kikubwa kuliko Siti, cha malkia wa Mombasa na wa Pate, na leo tunampa mtoto wa siku saba siku ya akika yake, anaitwa Mwanaisha mbele ya ndugu na majirani, na hakuna mzee hata mmoja anayeinuka kuuliza amefanya nini.